Rangi ya Njano Kwenye Nati

Lori lilikuwa limekwisha kuvuka geti nilipokumbuka kwamba sikumuaga mtu. Nimeondoka mahali pengi maishani, na mara nyingi niliondoka hivyo hivyo, mdomo umefumbwa, kirago kwapani. Ila safari hii nilikuwa na miaka kumi na mitano ya kuaga, na wa kuagwa alikuwa amebaki mmoja tu. Nilimwona kwenye kioo cha pembeni. Mjomba alisimama katikati ya geti, mikono nyuma, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi, akilitazama gari tulilolifunga mikanda juu ya lori kama mtu anayesindikiza jeneza la nduguye waliyenuniana. Hakupunga mkono. Na Binti, aliyekuwa kwenye usukani, hakutazama kioo.

Gari lile la mashindano ndilo lililokuwa la mwisho kwetu. Mengine yalikwisha kwenda, moja kama spea, jingine kama chuma chakavu. Hili lilichukuliwa na chuo cha ufundi kilicho mwendo wa saa sita, wanafunzi wapate kulifungua na kulifunga hadi wajue kipi kinasukuma kipi. Hakukuwa na dereva mwingine ambaye Mjomba angemwamini na lori lenye mzigo ule, kwa hiyo aliitwa Binti, akaja asubuhi, akachukua funguo mezani bila kusalimu, akapanda. Mimi nilipanda kwa kuwa nilikuwa naondoka hata hivyo.

Mapajani nilikuwa na kopo dogo la rangi ya njano. Mjomba alilipitisha dirishani injini ilipokwisha kuwaka.

"Hili lako," alisema.

Kwa miaka sita hayo ndiyo maneno mengi kuliko yote aliyowahi kuniambia juu ya jambo lile.

Waliniita Kirago tangu siku niliyofika, na sikuona sababu ya kukataa. Nilikuwa nimepita kwenye viwanda vya mbao, kwenye chumba cha injini cha meli ya mizigo, kwenye machimbo, na shule niliisoma vipande vipande kama gazeti la kufungia vitu: darasa la pili mji huu, la nne mji ule, la tatu sikuliona kabisa. Nilifika kwenye kiwanda cha matofali nikitafuta kazi ya wiki mbili. Mwenye kiwanda, ambaye sote tulimwita Mzee hata kabla hajazeeka, alinipeleka nyuma ya tanuri, kwenye banda la kukaushia, na humo, katikati ya safu za matofali mabichi, nikamkuta shemeji yake amelala chini ya gari lisilo na milango.

Huyo ndiye Mjomba. Alikuwa mjomba wa mtu mmoja tu, binti pekee wa Mzee, lakini jina lilienea kama harufu ya dizeli, na hata wapinzani wetu baadaye walimwita hivyo. Marehemu dada yake alimwachia mtoto huyo amtazame, naye alimtazama kwa namna aliyoijua: alimfundisha kuendesha lori. Binti alibeba matofali mabichi kutoka shimo la udongo hadi kwenye tanuri, kwenye njia yenye mashimo ambayo mbuzi angeifikiria mara mbili. Tofali bichi likitikiswa hupasuka. Mzee alimtaka afike mapema, na afike na matofali mazima. Hapo ndipo ulipozaliwa uendeshaji wake ambao watu walikuja kuushangaa: mbio za mtu anayekimbia na bakuli la maji kichwani.

Waliingia kwenye mashindano ya magari kwa ubishi tu, wala si kwa mpango. Mtu mmoja mwenye gari la mbio alimcheka Mzee kwa kujisifu kwamba lori lake lingelipita gari hilo, na Mzee, aliyekuwa mpole kwa kila kitu isipokuwa kuchekwa, akanunua gari lililoungua nusu. Mjomba akalifufua. Wa kukaa kando ya Binti garini na kumsomea njia akapatikana Mwalimu, mstaafu wa jiografia, ambaye alizisoma kona kwa sauti ya imla na kutoa alama palepale. "Kulia, kali, inafunga. Saba kwa kumi. Ulichelewa breki." Binti alisema kwamba aliziogopa alama hizo kuliko makorongo.

Na mimi nikapewa brashi.

Sharti nieleze vizuri, maana kila kitu kilisimama juu yake. Mjomba ujanani alifanya kazi kwenye karakana ya mabehewa ya treni, na huko alijifunza sheria aliyoishika kama wengine wanavyoshika dini. Mkono uliokaza haupaki. Fundi mmoja hukaza nati. Wa pili huja na spana yake mwenyewe, akaijaribu nati ile, akaisikia inakataa kusogea, ndipo achukue brashi nyembamba na kuchora mstari wa njano unaoanzia juu ya nati na kuishia kwenye chuma ilichokalia. Nati ikijizungusha hata kwa upana wa unywele, mstari huvunjika, nawe utaona. Na palipo na njano, hakuna mtu anayerudisha spana. "Njano ni neno la mwisho," Mjomba alisema, na mtu aliyegusa nati iliyopakwa alikuwa kama amemwita mwenzake mwongo mbele ya watu.

Mashindano ya kwanza tulikuwa wa mwisho ila mmoja, na huyo mmoja alikuwa ameungua. Watu wakatuambia tusiwachafulie barabara kwa udongo wetu. Mwaka wa pili tukamaliza wa tano. Mwaka wa tatu, kwenye mvua iliyowatelezesha mabingwa wote, Binti aliendesha kana kwamba nyuma yake kuna matofali elfu moja mabichi, akaingia wa kwanza kwa tofauti ya dakika nne. Mzee alikaa chini kwenye tope na suruali yake nyeupe, akawa anacheka huku anajifuta macho kwa kofia.

Baada ya hapo mambo yalikimbia kuliko sisi. Tulishinda mara nne katika msimu mmoja. Akaja mdhamini, kampuni ya betri, na pamoja naye ovaroli nyeupe, karakana yenye sakafu ya kung'aa, lori jipya, na vijana waliojua kompyuta. Tulianza watu watano, tukawa kumi na tisa. Mzee alijifunza kufunga tai. Bwana mmoja wa matangazo aliuliza kama rangi ile haiwezi kuwa nyeupe, kwa sababu njano inaonekana kama uchafu kwenye picha. Mjomba alimwambia kwamba uchafu anaujua, na akamwonyesha mlango.

Nilikaa. Hilo ndilo lililonishangaza mimi mwenyewe. Mtu ambaye hakuwahi kununua chungu kwa kuogopa kukibeba, nikanunua kitanda. Nadhani ni kwa sababu ya kazi ile ya kuja nyuma ya mwenzako na kusema ndiyo. Sikuwahi kabla ya hapo kuwa mtu ambaye ndiyo yake inasubiriwa.

Sasa ile siku. Mwaka wa tisa, mashindano makubwa kuliko yote, Binti anaongoza, kimebaki kipande kimoja cha mbio. Kwenye kituo cha matengenezo tulikuwa na dakika ishirini. Mjomba alikuwa anabadilisha fimbo inayounganisha usukani na gurudumu la mbele kushoto. Mimi nilikuwa upande wa pili, nikihakiki na kupaka. Wakubwa wa kampuni ya betri wakafika na mpiga picha, wakamtaka fundi mkuu, kwa dakika moja tu, ashike spana na kutabasamu. Alikataa. Mzee akamwomba kwa macho. Akaenda.

Nilipozunguka hadi gurudumu la kushoto, niliikuta nati mahali pake, imekaa sawasawa, na spana yake imelazwa juu ya jeki kama mtu aliyemaliza. Zilibaki dakika tano. Katika miaka tisa sikuwahi kukuta nati ya Mjomba imelegea. Elfu ngapi zilipita mikononi mwangu, na zote zilikataa. Uhodari wake ndio ulioniponza, au niseme uvivu wangu ulijificha nyuma ya uhodari wake. Nikachora mstari. Spana yangu ilibaki mfukoni.

Mjomba alirudi mbio, akainama kuimalizia nati aliyokuwa ameizungusha kwa vidole tu, akakuta njano. Nilimwona akisita. Hakuuliza. Kwa sheria yake mwenyewe, kuigusa ile nati kungekuwa kuniita mwongo. Nadhani aliona nimemwonea huruma nikamkazia mwenyewe. Akaokota spana yake, akashusha jeki.

Kilomita nne kabla ya mwisho, kwenye kona ya kushoto, gari lilikwenda moja kwa moja kama punda aliyekataa shauri. Binti alivunjika paja mara mbili. Mwalimu alivunjika mtulinga na kupoteza sikio la kulia. Kamati ilikuja kesho yake, ikapima alama za matairi, ikaihesabu fimbo iliyochomoka kuwa imeng'olewa na ajali yenyewe, ikaandika kwamba dereva aliingia konani kwa kasi iliyozidi. Binti alikubali. Alisema anakumbuka aliisikia kona, na anakumbuka aliikunja, lakini huenda aliikunja kwa kuchelewa. Mwalimu akasema hapana, yeye ndiye aliyeisoma kwa kuchelewa. Walibishana hospitalini, kila mmoja akivutia kosa kwake.

Nami nilinyamaza. Kabla kamati haijafika, nilichungulia chini ya gari na kuona nati haipo, imejifungua na kupotea njiani, lakini nusu ya mstari wangu ilikuwa imebaki kwenye chuma. Nilichovya kitambaa kwenye petroli nikaufuta. Ulitoka upesi. Nilipoinuka, Mjomba alikuwa nyuma yangu. Gari zima lilikuwa limefunikwa na tope, isipokuwa pale mahali pasafi penye ukubwa wa ukucha. Alipatazama, akanitazama, kisha akavuta turubai akalifunika gari.

Tangu siku ile alichukua kopo la rangi. Alikaza mwenyewe, akapaka mwenyewe. Hakuniambia neno, wala hakunifukuza, na naapa afadhali angenifukuza. Vijana waliona fundi mkuu amevunja sheria yake, nao wakaona basi haikuwa sheria. Timu haikufa kwa kishindo. Ilikufa kama tairi lenye mwiba. Tulikodi dereva mwingine, akavunja gia mbili. Mdhamini akaaga kwa barua nzuri sana. Kompyuta zikaondoka na vijana wao. Ovaroli nyeupe zikawa za kijivu, zikawa matambara, na mwisho Mjomba alifutia mikono neno "betri" hadi likatoka. Mzee aliacha kuja karakana. Hakuweza kumwona bintiye akipita na fimbo ya kutembelea mbele ya gari lile. Alifariki katika mwaka wa nne baada ya ajali, kwa moyo, akiwa anahesabu matofali.

Haya yote niliyapitia kichwani huku barabara inatusogelea. Binti aliendesha vizuri, mguu wake mbaya ukikanyaga klachi kwa uangalifu wa mtu anayeshuka ngazi gizani. Siku hizi anaendesha malori ya saruji. Tuliongea habari za mvua, za barabara, za mtoto wake anayekataa kula. Mara tatu nilifungua mdomo, mara tatu nikaongea habari nyingine. Nilijua tukifika chuoni nitashuka, na nikishuka sitarudi, najijua. Miaka sita alikuwa amebeba kona ambayo haikuwa yake.

Saa ya tatu ya safari nikapiga moyo konde.

"Binti, mwanangu. Ile kona haikuwa kosa lako."

"Najua," akasema.

Sikutegemea hivyo. Akabadilisha gia, akaipita trekta, akarudi upande wake, ndipo akaendelea. Akasema Mjomba alikwenda kwake miaka miwili baada ya ajali, akakaa kwenye kiti cha jikoni na kofia yake magotini, akamwambia kwamba ni yeye. Aliizungusha ile nati kwa vidole, akaenda kupigwa picha, akasahau kuikaza. Binti alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamfungulia mlango.

"Kosa ningemsamehe," akasema. "Nani hakosei? Lakini miaka miwili, Mzee Kirago. Miaka miwili ananiletea uji kitandani, ananiangalia nalia, na anajua. Ndugu wa tumbo moja na mama yangu. Sijanywa hata maji kwake tangu siku ile."

Nikamuuliza kama Mjomba alisema jambo jingine.

"Jingine lipi? Hilo halikutosha?"

Kopo lilikuwa bado mapajani mwangu. Ningeweza kulishusha chini ya kiti na kuacha mambo yalivyo. Yalikwisha kujipanga bila mimi, na kila mtu alikwisha kupata mahali pake pa kuumia. Nililiweka mbele ya kioo, ambapo angeliona.

"Hakukwambia habari ya rangi," nikasema.

Alikulia ndani ya sheria ile. Sikuhitaji kumweleza. Niliuona uso wake ukienda pale kwenye kituo cha matengenezo, ukazunguka gari, ukafika gurudumu la kushoto.

"Ilipakwa?"

"Ilipakwa."

"Uliijaribu kwanza?"

"Sikuijaribu."

Tukapita kijiji kizima. Kisha akauliza, sauti imeshuka, kwa nini basi kamati haikuona alama. Nikamwambia kitambaa na petroli. Nikamwambia Mjomba alirudi kuikaza, akaikuta njano.

Mbele kidogo, palipokuwa na uwanja wa kuegesha malori, akakata kona taratibu, akazima injini. Nilidhani ataniambia nishuke, na mkono wangu ulikwisha kukishika kirago. Badala yake alisema mikanda ya nyuma imelegea, nikaikaze.

Nilipanda juu nikaikaza, mmoja baada ya mwingine, minne. Haikuwa imelegea. Aliposhuka yeye nilisikia fimbo yake kwenye changarawe. Alikuja nyuma yangu, akaushika kila mkanda niliotoka kuushika, akauvuta kwa mkono wake mwenyewe, akangoja, akahamia mwingine. Wa tatu aliuvuta mara mbili, akanitazama, nikarudi nikauongeza meno mawili. Akauvuta tena. Ndipo akainamisha kichwa kuukubali.

Tulipopanda, hakuwasha injini mara moja. Alichukua lile kopo akalitikisa sikioni. Rangi ilikuwa imekauka, ikagonga kama jiwe. Akalirudisha mahali pake.

"Leo asubuhi," akasema, "nimempita pale getini kama napita nguzo."

Hakusema amenisamehe, wala sikuuliza. Tulifika chuoni alasiri.

Gari lile lilifunguliwa na wanafunzi mwaka mzima. Niliambiwa mlango mmoja umetundikwa ukutani, na injini haikuweza kufungwa tena. Kiwanda cha matofali kimenunuliwa na watu wa maghala. Tanuri limebomolewa, na banda la kukaushia linawekewa mbolea. Mwalimu yu hai. Binti alikwenda kumweleza habari ya nati, akaisikiliza kwa sikio moja, akasema asante, lakini yeye anakumbuka vizuri kwamba kona ile aliisoma kwa kuchelewa. Alijipa mbili kwa kumi, na hajabadilisha alama hiyo. Binti bado anaendesha saruji. Mtoto wake sasa anakula.

Mjomba aliishi miezi kumi na mmoja baada ya sisi kuondoka. Jirani yake aliniandikia kwamba lori la saruji lilionekana limeegeshwa mbele ya nyumba yake, mara moja, tangu asubuhi hadi jua linaegemea, na kwamba vikombe viwili vya chai vilibaki barazani hadi kesho yake. Waliyozungumza siyajui. Niliipata habari ya mazishi yakiwa yamekwisha kupita wiki tatu.

Mimi nilipita miji miwili, na sasa natengeneza pampu za maji kwenye mashamba. Nafanya kazi peke yangu. Nikimaliza kukaza nati, naweka spana chini, nasogea kando kidogo kama ninayempisha mwenzangu, nasimama. Kisha naendelea na inayofuata.